Mwanamke Aliyekimbia Bila Kufukuzwa

Kwetu Mitunguu mwanamke mzima hakimbii. Mtoto anakimbia, ng'ombe aliyekata kamba anakimbia, mwizi anakimbia. Ukiona mama wa watoto wakubwa anakimbia, ujue mtu amekufa, au nyumba inaungua, au mfereji umebeba mtoto wa mtu. Kwa hivyo ile asubuhi Mnunuzi alipopita mbio kando ya mfereji, kitambaa kichwani, raba mpya miguuni, hakuna aliyengoja kuuliza. Jirani yangu wa pale kwenye kona alipiga nduru. Nyumba ya pili ikapokea, ya tatu ikapokea, na kabla jua halijatoka vizuri kijiji kizima kilikuwa barabarani. Wanaume walikuja na panga. Mimi nilikuja na mwiko, uji nimeuacha motoni.

Tulimfuata. Yeye akasikia nduru na vishindo vya miguu nyuma yake, wala hakugeuka. Alifikiri kuna kitu kinatufukuza sisi, na kwamba kitamfikia na yeye, akaongeza mbio. Sisi tukaona ameongeza, tukajua basi jambo ni kubwa, nasi tukaongeza. Tulikimbia hivyo mpaka darajani. Hapo pumzi ikamwisha, akashika nguzo.

"Nani amekufa?" mzee wa kijiji akamuuliza, panga mkononi, shati limefungwa vibaya.

"Mimi ndiye nawauliza! Mnakimbia nini?"

"Si tunakukimbilia wewe!"

"Mimi? Mimi nafanya mazoezi."

"Mazoezi ya nini, mama? Unaingia jeshi?"

"Ya biashara," akasema.

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mzee wa kijiji alisema kama biashara siku hizi ni ya kukimbia, basi mbuzi wake ni tajiri. Nami nilicheka. Halafu nikamwangalia Mnunuzi machoni na kicheko kikaniisha. Nimelea watoto wengi, wangu na wa wengine. Namjua mtu anayekimbia kwa mchezo na namjua mtu anayekimbia kitu. Yale macho yalikuwa ya mtu anayefukuzwa, na nyuma yetu barabara ilikuwa tupu.

Sitasema alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Hayo watu wa kwao wanayo. Nitasema niliyoyaona mimi, maana shamba langu linapakana na stoo yake na nimemuuzia ndizi tangu nikiwa na meno yote. Ninaandika sasa kwa sababu yuko hospitali, na simu niliyoambiwa nitapigiwa haijalia, na mimi siwezi kukaa na mikono mitupu. Nikikaa bure nafikiria mguu wake.

Tulimwita Mnunuzi. Jina analo, lakini hakuna aliyelitumia. Wengine wanaonunua ndizi tunawaita mabroka, na ukitaka kumkasirisha ungemwita hivyo. "Mimi si broka," angesema. "Broka ananunua shida ya mtu. Anangoja mtoto wako afukuzwe shule ndipo aje na lori. Mimi nanunua ndizi. Shida yako kaa nayo." Maneno ya mtu mkavu, na alikuwa mkavu kweli. Alikuwa hasalimii mara mbili. Ukimwambia "Muga," anajibu "Muga," na macho yake tayari yako kwenye mkungu wako.

Alianza na kamba tu. Sisi wanawake wa huku tunabeba mzigo mgongoni, kamba inapita juu ya kichwa, karibu na paji la uso, na ukibeba miaka mingi kamba inakuachia bonde kichwani. Bonde la Mnunuzi lilikuwa linameza kidole. Alikuwa ananunua kwa watu wa ndani kabisa, kule gari haliingii, anabeba mwenyewe mpaka lami, anarudi. Baadaye alipata pikapu, akajenga stoo, akaweka mizani kubwa ya kuning'inia, akawa na wasichana wa kufunga na kupakia. Lakini kila siku ya soko mkungu wa kwanza aliubeba yeye mwenyewe kwa kamba, kutoka mahali mwenye mali ameuweka mpaka kwenye mizani. Hiyo ilikuwa desturi yake na hakuna aliyeruhusiwa kumsaidia.

"Ndizi naisikia kwa shingo," alikuwa anasema. Na ni kweli aliisikia. Kuna wakati watu walijifunza kuacha mkono wa mkungu mrefu, lile gogo la juu, ili mizani ipande. Mimi siku moja nilileta wangu hivyo. Akauinua, akapiga hatua kidogo, akasimama.

"Mama Kendi, hili gogo unaniuzia la nini? Nilipike?"

Watu wote wakasikia. Nikachukua panga nikalikata mbele yao, na sikumwambia kitu siku hiyo yote. Kesho yake alinitumia maziwa. Ndivyo alivyokuwa. Atakuaibisha mchana mbele ya soko, asubuhi anakutumia maziwa, na msamaha hauombi.

Watu walimwogopa. Nitasema siku ambayo hata mimi nilimwogopa.

Lori lililobeba ndizi za wiki nzima lilianguka kwenye mteremko, likalala ubavu. Dereva alitoka mzima. Habari ilipofika, watu walikwenda na vikapu, na magunia, na wengine na mikokoteni, kama vile ni mavuno ya kanisa. Mnunuzi alifika kwa boda boda. Alishuka, akafunga leso yake vizuri, akasimama katikati ya barabara.

"Kuleni," akasema. "Zilizopasuka ni zenu. Ambazo hazijapasuka ni zangu, nataka kuziona hapa barabarani."

Hakupaza sauti. Alikunja mikono tu, akaangalia mtu mmoja mmoja, na alitujua wote kwa majina. Mwanamke wa kwanza akarudisha. Wa pili akarudisha. Mwanamume mmoja alikuwa na mkungu mzima begani, akajifanya hakusikia, akaondoka. Mnunuzi alimfuata. Hakumgusa wala hakumtukana. Alitembea kando yake tu, hatua kwa hatua, kama mke anayemsindikiza mumewe, kimya. Mwanamume akaongeza mwendo, naye akaongeza. Mwisho yule mtu aliutua chini, akasema, "Chukua, mama, chukua, niachie roho yangu."

Jioni ile alikuja kwangu. Nikampa chai. Hakuinywa. Alitoka nje akatapika nyuma ya jiko, akarudi akakaa.

"Ulikuwa unaogopa?" nikamuuliza.

"Mama Kendi, angenikata na panga ningefanya nini?"

"Sasa ulimfuata ya nini?"

"Miguu ilikwenda. Mimi nilikuwa nimebaki pale kwa lori." Akafuta mdomo. "Usimwambie mtu."

Sikumwambia mtu. Tangu siku hiyo nilijua kitu ambacho soko halikujua. Mwanamke huyu hakuwa jasiri hata kidogo. Aliogopa kila kitu. Aliogopa radi, aliogopa sindano, aliogopa kulala nyumba isiyo na mtu mwingine. Lakini miguu yake haikuwa inajua habari hizo. Yeye akiogopa, miguu inakwenda.

Na alikuwa na kitu kimoja alichokiogopa kuliko vyote. Nilikijua siku tulipokwenda Gachoka.

Kule Gachoka alikuwa na dada yake mkubwa. Aliniomba tu nimsindikize, hakusema tunakwendea nini. Tulikuta nyumba imefunguliwa madirisha yote, na bado harufu ilitupokea mlangoni. Dada alikuwa kitandani. Mguu mmoja ulikuwa umekatwa zamani chini ya goti, na mwingine umefungwa kitambaa. Ugonjwa wa sukari. Mimi niliingia, nikamsalimia mgonjwa, nikamshika mkono. Mnunuzi hakuingia. Alisimama kizingitini na mfuko wa matunda mkononi, anaangalia pale mahali mguu ungekuwa.

"Ingia basi," dada yake akamwambia. "Haiambukizi."

"Najua."

"Hujui. Mama alikwenda hivi. Mimi ndiyo hii naenda. Wewe umepimwa?"

Mnunuzi aliweka mfuko chini pale mlangoni akaenda kungoja kwenye pikapu. Njia yote ya kurudi hakufungua mdomo, isipokuwa mara moja nilipokohoa, akafikiri nataka kusema. "Usiniambie kitu," akasema. Dada alizikwa kabla mahindi hayajakomaa. Na haukupita muda mrefu baada ya hapo, ndipo tulipomwona asubuhi akikimbia kando ya mfereji na sisi tukapiga nduru.

Alikuwa amekwenda kupimwa. Hilo aliniambia baadaye sana. Alikwenda mbali, kliniki ambayo hakuna mtu wa kwetu angemwona, wakampima, wakamwambia na yeye ana sukari. Wakamwambia apunguze vitu vitamu, ameze vidonge, atembee sana. Yeye alisikia hilo la kutembea tu. Akaona kama kutembea ni dawa, kukimbia ni dawa zaidi.

Kijiji kilizoea. Tulizoea hata raba zake, na suruali aliyovaa chini ya sketi. Wale wasichana wa stoo walianza kukimbia naye, mwanzoni kwa kumwogopa, baadaye kwa kupenda. Aliwafundisha kuinua mkungu kwa magoti na si kwa kiuno. Aliwaambia, "Mgongo hauuzwi dukani. Ukiharibu huo, hakuna mwingine unakuja na lori." Msichana akija amechoka alimwambia akae chini anywe maji. Msichana akija analia kwa sababu ya mwanamume alimwambia akimbie mpaka darajani kwanza, halafu arudi alie. Wengi wakirudi walikuwa wamesahau. Wawili kati ya wale sasa wana biashara zao, mmoja Embu mjini, na wote wanatembea wima kama yeye.

Lakini huyo huyo aliyewaambia wasichana kwamba sukari ni adui, nilimkuta siku moja nyuma ya rundo la ndizi na soda na mandazi, anakula haraka haraka kama mtu anayeiba kwake mwenyewe.

"Mama Kendi, hukuniona."

"Nimekuona."

"Basi hukuona mandazi."

"Nimeyaona na yamebaki mawili. Leta hapa."

Akanipa. Tulicheka, nikayala. Wakati huo sikujua ana nini mwilini. Nilifikiri ni uchoyo wa mandazi tu.

Na vidonge alimeza anapokumbuka. Katika stoo yake ugonjwa haukutajwa. Msichana akisema kichwa kinamuuma anaangaliwa kama aliyetukana. Nilimuuliza kwa nini. "Wewe unaweza kuugua," akaniambia. "Wewe ni mkulima, ndizi zitakungoja. Mnunuzi akiugua, kesho watu wote wako kwa lori la yule." Yule ni broka mmoja kutoka upande wa Embu, mwenye lori refu, aliyekuwa anaegesha ng'ambo ya barabara kila siku ya soko na kuacha injini inanguruma, anangoja. Miaka yote hiyo alikuwa anangoja Mnunuzi aanguke.

Sasa nitasema habari ya utomvu, maana ndipo tulipopotea wote.

Mtu asiyefanya kazi ya ndizi hajui. Ukikata mkungu, maji yake yanatoka meupe, safi kabisa. Yakikugusa ngozi, baada ya muda yanakuwa meusi. Sabuni haitoi. Mafuta ya taa yanatoa kidogo. Sisi watu wa Mitunguu mikono yetu ina madoa meusi, miguu yetu ina madoa meusi, nguo zetu nzuri za kanisa zina doa mahali fulani. Hatuyaoni tena. Mtoto wetu akienda shule mbali wanamwuliza kama ni mgonjwa wa ngozi, naye anashangaa.

Basi Mnunuzi alikuwa na doa jeusi chini ya kidole kikubwa cha mguu wa kushoto. Aliliona yeye. Wasichana waliliona alipovua raba. Mimi nililiona. Kila mtu aliona utomvu. Nani angeona kitu kingine? Kulikuwa na doa jingine kama hilo kwenye kisigino, na hilo lilikuwa utomvu kweli. Alikuwa amekanyaga mwiba au kijiti, hatujui ni lini, kwa maana ule mguu ulikuwa umeacha kusikia maumivu na yeye alikuwa hajamwambia mtu hilo pia. Alikimbia juu ya kidonda asubuhi kwa asubuhi. Aliendelea kukimbia ili asikatwe mguu, na mbio zenyewe zikawa zinaula mguu.

Halafu stoo ikaanza kunuka. Tukasema ni maganda. Wasichana walifagia, wakamwaga maji, wakatoa kila ndizi iliyooza. Ikaendelea kunuka. Mimi nikaingia siku moja, nikasimama karibu naye, na nywele zikanisimama, kwa sababu ile harufu nilikuwa nimewahi kupokelewa nayo mlangoni, kule Gachoka.

"Vua kiatu," nikamwambia.

"Kesho ni soko. Nitavua baada ya soko."

"Vua."

"Mama Kendi, nimesema baada ya soko!"

Aliipata siku yake ya soko. Alibeba mkungu wa kwanza kwa kamba mpaka kwenye mizani, jasho linamtoka kama amemwagiwa maji, na hakuna aliyejua isipokuwa mimi. Kisha akaingia stoo akaanguka. Hospitali walikata chini ya goti.

Nilipokwenda kumwona alikuwa ameelekea ukutani. Sikumwambia pole. Tumejuana sana kwa hiyo.

"Wanasema nini huko?" akauliza.

"Wanauliza umeumwa na nini."

"Sema ni gari. Sema pikapu ilinirudia nyuma."

"Mimi nidanganye na mvi hizi?"

"Gari mtu anapona, anarudi kazini. Sukari wanajua mwisho wake. Wote walimwona dada yangu akizikwa." Akageuka akanitazama. "Sema ni gari."

Nikasema ni gari. Kijiji kikaamini.

Alirudi na mguu wa kuvaa. Watu wengi wangekaa nyumbani, na watoto wake walimwambia akae, walikuwa na uwezo wa kumlisha. Aliwafukuza. Alifunga kamba mbili ndani ya stoo, kutoka ukuta mpaka ukuta, akawa anatembea katikati yake akizishika, kila asubuhi, wakati ule ule aliokuwa akikimbia. Nilikuwa namsikia kutoka shambani kwangu. Hatua, na mburuzo. Hatua, na mburuzo. Halafu kishindo, halafu kimya, na mimi nasimama na jembe hewani, nangoja. Kisha tena, hatua na mburuzo. Alifunga mlango kwa ndani ili mtu asimwinue.

Alibadilika katika mambo mengine. Vidonge alimeza kwa saa. Mandazi aliyaacha kabisa, hata harufu yake alikuwa anaikimbia. Mkungu wa kwanza alimpa msichana mmoja aubebe, naye akasimama kando akiangalia, na niliona shingo yake inakaza kana kwamba kamba iko kwake. Na akaanza kuvaa soksi nyeupe. Katika kazi ya ndizi, soksi nyeupe! Broka wa lori refu alimpigia kelele kutoka ng'ambo, "Mama, leo ni harusi ya nani?" Watu wakacheka. Hawakujua kwamba mguu uliobaki nao ulikuwa umeacha kusikia. Alivaa nyeupe ili damu ikitoka ionekane.

Macho yake nayo yalikuwa yameanza kufifia, na kuinama hawezi vizuri. Kwa hiyo akanipa kazi. Kila asubuhi ya soko, kabla watu hawajafika, nakwenda stoo, anakaa juu ya kreti, anavua soksi, na mimi navaa miwani nauangalia ule mguu. Chini, kisigino, katikati ya vidole. Kwanza nausugua na kitambaa chenye mafuta ya taa, niondoe kila utomvu, ili kisibaki cheusi cha kutudanganya.

"Siku ukiona kitu usinibembeleze," aliniambia siku ya kwanza. "Mimi nilijibembeleza mpaka mguu ukaenda."

Nitasema ukweli, hakuna kazi iliyowahi kuniogofya kama hiyo. Nimezalisha wanawake nyumbani mvua ikinyesha. Nimeosha maiti. Lakini kupiga magoti mbele ya ule mguu kulinifanya nikose usingizi siku iliyotangulia soko. Ni mimi ningeona au nisione. Nikikosea, ni mimi. Kila mara nilipomaliza nilisema, "Hakuna," naye alivuta soksi yake akasimama.

Juma lililopita nilikwenda kama kawaida. Watu walikuwa wamewahi, kwa sababu ndizi ni nyingi sasa, na nje nilisikia mikungu inatuliwa na wanawake wanabishana nani alifika kwanza. Lori la ng'ambo lilikuwa linanguruma. Mnunuzi alikuwa mchangamfu siku hiyo, ananiambia habari za mjukuu wake aliyekataa kula mukimo. Nikapiga magoti. Nikasugua. Nikaangalia chini, nikaangalia kisigino, nikafungua kidole cha mwisho na kile kinachofuata.

Pale katikati ngozi ilikuwa imepasuka. Padogo, kama mdomo wa kuku. Pekundu, na pembeni pameanza kuwa peupe.

Mikono yangu ikasimama. Habari ya mukimo ikakatika katikati.

"Mama Kendi."

Nilitaka kusema hakuna. Mungu ananisikia, neno lilikuwa tayari mdomoni. Nje watu walikuwa wengi, ilikuwa soko kubwa, na angeweza kwenda kesho.

"Kipo," nikasema. "Kati ya vidole. Ni kidogo lakini kipo."

Alishika kreti kwa mikono miwili. Uso wake ukawa ule wa darajani, zamani.

"Naogopa," akasema.

Miaka yote hiyo sikuwahi kulisikia neno hilo kwake. Nikasema, "Hata mimi."

"Nje wako wangapi?"

"Wote."

"Na yule?"

"Yuko. Injini unaisikia."

Akaiangalia mizani yake ikining'inia. Nikajua anaiwaza ile siku nyingine, aliponifokea, baada ya soko, baada ya soko. Nikangoja kusikia hivyo tena.

"Nivalishe soksi," akasema. "Mwambie dereva alete pikapu mlangoni. Nakwenda sasa."

"Na ndizi?"

"Wasichana wanajua kupima."

"Na watu nitawaambia nini? Gari?"

Alikuwa amesimama tayari, ameshika bega langu. Alikuwa hajawahi kunishika bega. Mkono wake ulikuwa mzito na una baridi.

"Waambie sukari," akasema. "Waambie na mguu ule wa kwanza ulikuwa ni sukari. Sema kwa sauti, usimung'unye."

Tukatoka. Watu wakafungua njia. Alipita katikati yao, hatua na mburuzo, hakusalimia mtu, na mkono wake haukuondoka begani kwangu mpaka alipoingia kwenye pikapu. Pikapu ikaondoka. Ndizi zikabaki pale chini, mkungu wa kwanza haujabebwa.

"Mnunuzi anaenda wapi siku ya soko?" mwanamke mmoja akaniuliza. Ni mama mwenye duka la mbegu, mnene, mcheshi, mtu wa kucheka na kila mtu, na mimi ananiita shosho, kama bibi yake. "Shosho, anaenda wapi?"

Nikasema. Nilisema kwa sauti kama alivyoniagiza. Nikasema ana ugonjwa wa sukari tangu dada yake azikwe, kwamba hakuna gari lililowahi kumgonga, kwamba lile doa tuliloliona sote na kulidhani utomvu lilikuwa kidonda, na kwamba leo nimeona kingine kwenye mguu uliobaki. Broka wa ng'ambo aliteremka kutoka kwenye lori lake, akaja mpaka katikati ya barabara, akaita, "Haya, akina mama, leteni huku, mama hatarudi leo."

Wengine walimwangalia. Mmoja akainama kushika mkungu wake.

Yule mama wa duka la mbegu hakuinama. Alikuwa anaangalia miguu yake mwenyewe, myeusi kwa utomvu mpaka kwenye fundo. Alikuwa hacheki tena. Akakaa juu ya mkungu wake pale pale mavumbini, akavua kiatu kimoja, akanyoosha mguu kuelekea kwangu.

"Shosho," akasema, sauti yake ndogo kama ya mtoto. "Miwani unayo?"

Nyuma yake mwanamke mwingine akaanza kufungua kamba za viatu. Nikamtuma msichana akalete mafuta ya taa na kitambaa. Kisha nikapiga magoti.